Motokaa ya Daraja la Kati na Njia ya Mpanda

Mwezi wa Septemba mwaka 1968 kampuni ya Toyota ya Japani ilitoa sokoni motokaa mpya iliyoitwa Corona Mark II. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa tayari na Corolla kwa ajili ya mtu wa mshahara mdogo, Corona kwa ajili ya mwenye nafasi kidogo, na Crown, iliyoanza mwaka 1955, kwa ajili ya mkurugenzi, daktari na mkuu wa idara. Kati ya Corona na Crown palikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa limekwisha kuonwa na mshindani: Nissan ilitangulia kwa miezi michache, mwezi wa Aprili mwaka uo huo, kuitoa Laurel, ikaiweka juu ya Bluebird na chini ya Cedric. Basi Mark II haikuzaliwa kwa sababu watu walikosa chombo cha kuwafikisha waendako. Ilizaliwa kwa ajili ya watu waliopanda cheo nusu, waliochoka kuhesabiwa pamoja na wa chini, na ambao hawakuweza bado kuketi na wa juu.

Kiswahili kina neno moja, daraja, kwa cheo cha mtu na kwa kivuko cha mto. Kwa habari zinazofuata maana zote mbili zitahitajiwa, maana motokaa ile ilitengenezwa kwa ajili ya daraja la kwanza, na ilipofika katika Mkoa wa Katavi ilikuta kwamba hukumu imo mikononi mwa daraja la pili.

Ulaya nako pengo kama hilo lilizibwa, ila kwa njia ya kinyume. BMW ilitoa motokaa zake za mfululizo wa 3 mwaka 1975. Mercedes-Benz, ambayo jina lake lilikuwa limekwisha kuwa sawa na ukubwa wenyewe, ilitoa 190 mwishoni mwa mwaka 1982, nayo watu wakaibandika jina la Benzi mtoto. Ikafuatwa na C-Class mwaka 1993, na mwaka uliofuata Audi ikaleta A4. Nyumba hizo zilikuwa za wakubwa, zikashuka ngazi moja kumlaki kijana mwenye mshahara mzuri. Toyota ilitoka chini ikapanda. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, kwa kuwa anayeshuka huja na jina lake, na jina hufanya nusu ya kazi. Anayepanda hana budi kuthibitisha kwa vitu vinavyoshikika: injini ya silinda sita mahali pa nne, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, viti vyenye kitambaa kama cha sebuleni, na ukimya. Ndiyo sababu Mark II za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa kimya kupita kiasi cha bei yake. Hata Toyota yenyewe, ilipotaka kupambana na Wajerumani katika masoko yao, iliona heri kubadili jina: ilianzisha Lexus mwaka 1989, na motokaa iliyouzwa Japani tangu mwaka 1998 kwa jina la Altezza iliuzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Lexus IS.

Jambo jingine lililoiumba Mark II, ambalo wanaoisifu aghalabu hulisahau, ni kodi. Hadi mwaka 1989, motokaa iliyozidi sentimita 170 kwa upana, au iliyokuwa na injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 2,000, ilitozwa huko Japani kodi ya mwaka kubwa mno kuliko ile iliyokaa ndani ya mipaka hiyo. Mark II ikashonwa kwa kipimo cha sheria: nyingi zilikuwa ndefu, nyembamba, na zenye injini ya lita mbili. Sheria ilipolegezwa, ile ya mwaka 1992 ikanenepa. Anayedhani kuwa umbo la motokaa hutokana na akili ya mhandisi peke yake na akumbuke kwamba hapa fundi cherehani wa kwanza alikuwa mtoza kodi.

Miaka hiyo yote Mpanda haikuijua Mark II, wala haikuwa na haja nayo. Mji ule ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Uruwira. Kwa ajili ya mgodi huo tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, umbali wa kilomita 210 hivi, likawa tayari kufikia mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Tangu hapo garimoshi likawa mlango wa mji, hasa kati ya Novemba na Aprili, mvua zinyeshapo na njia za udongo za kwenda Tabora na Sumbawanga zikageuka matope. Aliyetaka kusafiri kwa barabara alihitaji lori au Land Rover, tena pamoja na jembe, kamba na subira.

Katika hali hiyo ikajengeka desturi ambayo haikuandikwa popote. Pwani na katika miji mikubwa cheo kilikaa chini: mkubwa alizama katika kiti cha nyuma cha motokaa ndefu, iliyolala karibu na lami. Bara ya magharibi cheo kilikaa juu. Bwana Disii wa zama za Waingereza, na Mkuu wa Wilaya aliyerithi kiti chake baada ya Uhuru, walionekana juu ya Land Rover, na aliyekwenda kwa miguu aliwainulia macho. Motokaa ya chini ilikuwa ishara ya mtu asiyejua aendako. Desturi hiyo ilikaa katika macho ya watu muda mrefu baada ya Land Rover zenyewe kuchakaa.

Dar es Salaam ilikuwa na ugomvi mwingine. Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walitunga kabila jipya, Wabenzi, yaani wale wapandao Mercedes-Benz. Neno hilo limetungwa kwa ustadi: limefuata ngeli ile ile ya Wabende na Wapimbwe, wenyeji wa nchi ya Katavi, kana kwamba watu hao nao wana ardhi yao, mila zao na mahari yao, tena limeficha kisu ndani yake. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Motokaa halikuitaja. Lakini hisa hazionekani barabarani, na nyumba ya kupanga haimrushii mtu vumbi. Kwa hiyo katika mazungumzo ya watu ni Benzi iliyobeba dhambi za vyote. Peugeot 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, ikashinda tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, ilisifiwa kwa uvumilivu, na aliyeipanda hakuitwa Mbenzi. Daraja la kati lilikuwa na kinga ambayo la juu halikuwa nayo: mtu aliweza kustarehe kidogo na bado akahesabiwa kuwa mchapakazi.

Kisha hata hiyo ya kati ikawa adimu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Uagizaji wa motokaa za watu binafsi ukabanwa, na kwa miaka kadhaa magari ya binafsi yakakatazwa kutembea siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwaka 1984 Serikali ilimruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar la chama tawala likalegeza masharti ya uongozi. Mlango ukawa wazi, na kutoka Japani zikaanza kumiminika motokaa zilizokwisha kutumika.

Huko Japani motokaa mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Mwenye motokaa ya umri fulani huona heri kuiuza. Usukani wake uko kulia, kama wa Tanzania. Kwa njia hiyo motokaa iliyobuniwa kumtofautisha karani mwandamizi na karani mdogo ilifika Dar es Salaam ikiwa na umri wa miaka minane, kumi au kumi na mitano, pamoja na jirani na ndugu zake wote: Corona, Crown, Chaser, Cresta, Altezza, na baadaye Verossa na Brevis. Zilikuja melini pamoja, kwa bei zinazokaribiana. Ngazi iliyopangwa kwa uangalifu wa miaka thelathini ilikuwa imelazwa chini, kama ngazi ya mpaka rangi baada ya kazi.

Wanunuzi wa Kitanzania waliisimamisha upya kwa namna yao. Mark II za miaka ya 1990, zenye mabega ya mviringo, walizipa jina la baluni. Ile ya mwaka 2000 hadi 2004 wakaiita Grand Mark II. Na Mark X, iliyoshika mahali pake Novemba 2004, ikawa kwa kijana wa mjini kizingiti cha anasa, mahali ambapo Ulaya pangesimama BMW ya mfululizo wa 3 au C-Class. Kwa nini ikawa yeye, na si Wajerumani, ambao nao waliletwa kutoka Japani wakiwa wamekwisha kutumika na bei zao zimeanguka? Jibu la haraka ni kusema kodi. Jibu hilo si sahihi, na yafaa kuonyesha kwa hesabu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 motokaa ya thamani ya shilingi 100, kwa hesabu ya Mamlaka ya Mapato, ilitozwa kwanza ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo ya 125 uliwekwa ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Kisha ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya yote. Ukiacha tozo ndogo ndogo, mwenye injini ya lita mbili alilipa karibu shilingi 55, na mwenye injini kubwa zaidi alilipa shilingi 62. Sasa Mark X yenye injini ndogo kuliko zote ina sentimita za ujazo 2,499. Imo katika kundi la juu. C200 ya miaka ile ilikuwa na 1,796, na BMW 320i ilikuwa na 1,995. Zimo katika kundi la chini. Yaani sheria ya Tanzania ilimpendelea Mjerumani. Grand Mark II yenye injini ya 1,988 peke yake ndiyo iliyoshindana nao kwa usawa, na hiyo ilikuwa imeshonwa, kama ilivyosemwa, kwa sheria ya Kijapani ya zamani.

Kilichouma zaidi kilikuwa umri. Motokaa iliyozidi miaka minane iliongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na iliyozidi kumi asilimia 30. Mark X ya zaidi ya miaka kumi, yenye thamani ya shilingi 100, ililipiwa kodi ya shilingi 106 na senti hamsini. Serikali ilipata zaidi ya muuzaji. Walakini wengi walinunua za umri huo huo, kwa sababu ndizo pekee ambazo bei yake ya mwanzo iliingia mfukoni. Kodi iliyokusudiwa kuzuia uchakavu iliishia kuwa ada ya kiingilio ya daraja la kati.

Aliyemkataa Mjerumani alikuwa fundi. Fundi wa gereji ya chini ya mwembe alikuwa amejifunza Toyota kwa mikono yake, kuanzia Corolla hadi Hiace, na vipuri vya Toyota vilipatikana Kariakoo vipya, vya kuiga na vya kukatwa kutoka katika gari jingine. BMW ilihitaji kompyuta, na kipuri chake kiliagizwa kwa jina na namba, kikasubiriwa. Hata ndani ya ukoo wa Toyota fundi alikuwa na hukumu zake. Injini zilizoandikwa D4, zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilipata sifa mbaya: pampu yake ni ya shinikizo kubwa, nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na baada ya fundi mmoja kuifungua vibaya kila aliyefuata alikuta kosa la mwenzake. Brevis ilikuwa na injini ya D4, na ikashuka bei. Mark X nayo ni D4, na ikasamehewa. Msamaha huo haukutokana na uhandisi. Ilipendwa kwa sura, ikanunuliwa na wengi, na kwa kuwa ilinunuliwa na wengi mafundi wakalazimika kuijifunza.

Hayo ni ya Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Mpanda, kwa kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, ni zaidi ya kilomita 1,300, na kwa muda mrefu sehemu ya mwisho ya safari hiyo ilifuta yote yaliyoamuliwa Kariakoo. Mark X imesimama juu ya ardhi kwa kiasi cha sentimita 15. Kina cha mtaro wa gurudumu la lori katika udongo mbichi huzidi hapo kwa urahisi.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulitengwa rasmi kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu. Mkoa mpya maana yake ni ofisi mpya, benki, mahakama, na watumishi waliohamishwa kutoka miji yenye lami, wakija na mazoea yao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa huo watu 564,604. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Kaskazini ya Sumbawanga lami iliendelea kwa vipande katika miaka ya 2010, ikafika Kibaoni upande mmoja, na upande mwingine ikatoka Mpanda hadi Sitalike. Katikati ya vipande hivyo imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye viboko wa mto Katuma na mbung'o wanaoingia dirishani bila kubagua daraja la gari. Kipande hicho kilibaki cha vumbi baada ya majirani zake kutiwa lami. Kwa upande wa Tabora, barabara ya kilomita takriban 340 kupitia Koga ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hapo ndipo mtu alipoweza, kwa mara ya kwanza tangu mgodi wa Uruwira, kutoka Mpanda hadi Tabora kwa motokaa ya chini wakati wa mvua bila kupanda garimoshi.

Basi motokaa ya daraja la kati ilipata ruhusa ya kuingia. Lakini iliingia na kukuta kiti chake kimekwisha kukaliwa. Juu yake kulikuwa na shangingi, yaani Land Cruiser kubwa ya Serikali na ya miradi, lililopewa neno ambalo kwanza lilimtaja mwanamke wa mjini apendaye anasa. Mizengo Pinda, mzaliwa wa huko huko Mpimbwe, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima, alikemea hadharani ununuzi wa mashangingi. Kemeo lake lilipita, mashangingi yakabaki. Chini yake kulikuwa na Probox, iliyotengenezwa tangu mwaka 2002 kwa ajili ya kubebea bidhaa za wachuuzi wa Kijapani, nayo huku ikabeba watu, mpunga na kuku kwenda vijijini. Na ubavuni mwake, kwa bei inayolingana, alisimama mshindani wa kweli, ambaye Toyota haikumweka katika ngazi ile ya mwaka 1968 hata kidogo: Harrier, iliyotoka Desemba 1997, na ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Lexus RX.

Harrier yenye injini ya sentimita za ujazo 2,362 imo katika kundi la ushuru lile lile la Mark X. Ina viti vya namna ile ile, na injini hiyo yake si D4. Juu ya yote imeinuka sentimita kadhaa zaidi kutoka ardhini. Sentimita hizo humvusha mwenye nayo kijito cha njia ya Mishamo, na humfanyia kazi nyingine tena: humkalisha juu, mahali ambapo macho ya watu wa nchi ile yamezoea kumtafuta mwenye cheo tangu siku za Bwana Disii. Mwenye Mark X mjini Mpanda hustarehe kati ya stesheni na soko na katika njia kuu za lami. Akialikwa msibani kijijini huiacha nyumbani, akapanda bodaboda au kiti cha nyuma cha Probox, mabegani kwa wengine. Kwa mtumishi aliyechukua mkopo wa miaka mitano ili aheshimiwe, hilo si jambo dogo, kwa kuwa msiba ndiko heshima inakohesabiwa.

Toyota iliacha kutengeneza Mark X Desemba 2019, na pamoja nayo ukakatika ukoo uliodumu miaka 51. Zile za mwisho zitatimiza miaka kumi mwaka 2029. Crown, ambayo Mark II iliundwa kuwa chini yake, ilizinduliwa upya Julai 2022, na ya kwanza kuingia sokoni ilikuwa yenye umbo lililoinuliwa juu ya magurudumu makubwa, katikati ya motokaa ya chini na gari la porini.